Namna ya Kufuatilia Jina la Ukoo Adimu: Mfano wa Bethencourt

Watafiti wengi wa nasaba huanza na mtu mashuhuri wa kale, kisha hushuka kutoka kwake hadi kwa babu yao. Mimi huelekeza kinyume chake, na mfano ninaoupenda ni Bethencourt, jina lililotoka Normandie, Ufaransa, na kufika Visiwa vya Kanari, ambavyo leo ni vya Hispania, mwaka 1402 pamoja na Jean de Béthencourt, aliyeanza kuviteka.

Hatua ya 1: Orodhesha tahajia zote. Makarani waliandika walivyosikia. Ndiyo maana kuna Bethencourt na Betancor huko Kanari, Bettencourt kwa Wareno, Betancourt nchini Venezuela, na Betancur nchini Kolombia.

Hatua ya 2: Rudi nyuma kizazi kwa kizazi. Anza na vyeti vya serikali, ambavyo Hispania ilivianzisha kwa sheria ya mwaka 1870 na Ureno ikavifanya vya lazima mwaka 1911. Kabla ya hapo utategemea madaftari ya parokia, ambayo Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, uliyaagiza mwaka 1563. Yale ya Azores, visiwa vya Ureno, husomwa bure mtandaoni. Hapa ndipo panapohitaji subira kubwa, kwa kuwa zamani watoto wa baba na mama mmoja waliweza kubeba majina tofauti ya ukoo, mmoja la baba na mwingine la bibi. Kwa hiyo fuata majina ya wazazi yaliyotajwa katika kila ubatizo na kila ndoa, wala usilifuate jina la ukoo peke yake.

Hatua ya 3: Linganisha matokeo na njia za uhamiaji. Maciot, jamaa ya Jean aliyeachiwa utawala wa visiwa, alimkabidhi Mwanamfalme Henrique wa Ureno haki zake juu ya Lanzarote mwaka 1448, kisha akahamia Madeira, kisiwa cha Ureno. Kutoka huko jina lilifika Azores, na Waazores wakalipeleka Brazili na Marekani. Wakanari nao walilivusha bahari: Mtakatifu Pedro de Betancur alizaliwa Vilaflor, Tenerife, mwaka 1626, akafariki Guatemala mwaka 1667.

Hatua ya 4: Pima kila dai la damu. Jean hakuacha mtoto wa ndoa, na wenyeji wengi wa Kanari waliobatizwa walipewa majina ya ukoo ya wageni. Kiungo kisicho na hati kiandike wazi kuwa hakijathibitishwa, kisha tafuta wosia na ruhusa za kanisa za kuoana ndugu, kwani visiwani ndoa hizo zilikuwa nyingi na ruhusa zake hueleza undugu wa wachumba hadi kwa mababu wao wa pamoja.