Daftari la mvua kwanza, kompyuta baadaye

Nikipewa kazi ya kukadiria maji yatakayoingia lamboni, kompyuta siifungui siku ya kwanza. Naomba daftari la mvua lenyewe, la karatasi, siyo faili la Excel alilochapa mtu mwingine.

Nilishaumbuka. Nililetewa faili la kituo kimoja huku Dodoma, Januari nzima sifuri. Januari, mahindi yanapopaliliwa! Kumbe msomaji alikuwa likizo, kwenye daftari kaacha wazi, na mchapaji kwa nia njema akajaza 0. Sifuri maana yake haikunyesha. Wazi maana yake hatujui. Kama unatumia SWAT, programu ya kukadiria maji ya bonde, penye pengo andika -99, yenyewe itajaza kwa makadirio. Ukiandika 0 itakuamini.

Halafu angalia Jumatatu. Vipimamvua vingi viko mashuleni, na wikendi hakuna anayesoma. Jumatatu saa tatu asubuhi mwalimu anakuta milimita 40, anaandika 40. Ya siku ngapi? Usiseme haidhuru. Chukua eneo lenye CN ya 80 (CN ni namba ya udongo na uoto: ikiwa kubwa, maji mengi hutiririka): milimita 40 zikishuka siku moja, kwa hesabu ya CN zinatiririka kama 8.2. Zigawe siku mbili, 20 kwa 20, unapata 0.75 kila siku, jumla 1.5. Mvua ni ileile, lambo moja linajaa, jingine linabaki na tope. Mimi hutazama kituo jirani, na kikikosekana, CHIRPS, makadirio ya mvua ya setilaiti (yanaanzia 1981), lakini kwa kujua siku tu. Kiasi nabaki na cha daftari.

Ramani nazo zina vituko vyake. Longitudo ya 36 inapita mashariki ya mjini Dodoma, kwa hiyo mji uko kanda ya 36 ya UTM, ule mfumo wa kutaja mahali kwa mita, na Kongwa iko 37. Chagua moja, kila kitu kikae humo. Ramani za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960, msingi wa zamani wa vipimo vya ramani. Ukizilaza juu ya data za WGS 84, msingi unaotumiwa na GPS, bila kubadilisha, zinapishana karibu mita 300, na korongo lako litaonekana linapanda mlima.

Kwenye ramani ya mwinuko, ile hatua ya kujaza mashimo usiibonyeze kwa mazoea. Mto Bubu unaishia bwawa la Bahi, haufiki baharini. Programu haijui hilo: itaona shimo, italijaza, na itautafutia mto njia ya kutokea. Weka mwisho wa bonde pale Bahi, kwa mkono.

Udongo na uoto sitakuchosha navyo. Ila nenda ukaone kwa macho, na usiende Agosti: shamba la uwele lililo tupu wakati huo siyo lile litakalopokea mvua ya Februari. Udongo mweusi wa mbugani ukikauka hupasuka, mvua ya kwanza ikazama nyufani, ya tatu ikakimbia yote. Jedwali la CN linaupa namba moja tu.

Mwisho jumlisha kila mwaka. Dodoma hupata milimita mia tano na kitu, mia sita. Ukikuta mwaka una 2,000, tafuta nukta zilizopotea, kama 12.5 iliyogeuka 125. Kwenye daftari utazikuta, mara nyingi zimefifia kwa kalamu ya risasi.