Kuufaidi wimbo wa huzuni wa Mbaraka Mwinshehe

Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe wengi wetu tunazijua kwa kucheza. Gita likianza tu mtu keshasimama, na maneno anayoyakumbuka ni ya kiitikio. Lakini Mbaraka, mwanamuziki wa Tanzania, alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gita la solo kwa wakati mmoja, na sehemu kubwa ya utunzi wake ni vilio: shida, mapenzi yaliyoharibika, dunia isiyoeleweka. Ili uufaidi wimbo wa namna hiyo, yatenge maneno na muziki kwa muda, kisha uvirudishe pamoja.

Anza na nakala nzuri. Mbaraka alirekodi akiwa na Morogoro Jazz, kisha na Super Volcano, bendi aliyoianzisha mwaka 1973. Nyimbo nyingi za enzi hiyo zilitoka kwenye santuri ndogo za inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika chache tu. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, cha kwanza upande A na cha pili upande B. Waliozipandisha mtandaoni mara nyingine wameweka upande mmoja na kuusahau wa pili. Sauti ikianza kufifia karibu dakika ya nne huku kisa bado kiko njiani, tafuta kipande kilichobaki.

Kagua na kasi. Kaseti iliyonakiliwa mara nyingi huweza kukimbia kuliko ilivyorekodiwa, na sauti ya mwimbaji ikawa nyembamba, ya kitoto, huzuni yote ikapotea. Linganisha nakala mbili. Kasi ikizidi kwa asilimia 6 hivi, wimbo mzima umepanda nusu toni (hatua ndogo kati ya noti na noti). Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, inaweza kuirudisha chini. Shusha asilimia 1 kila mara hadi sauti itulie.

Spika ya simu haifai. Tumia vifaa vya masikioni, na kama wimbo unasikika sikio moja tu, washa mono (sauti ileile masikio yote mawili) kwenye mipangilio ya simu. Kwenye ekwalaiza, yaani kirekebishi cha sauti nene na nyembamba, punguza besi (hezi 60 hadi 250) kwa desibeli 3, uongeze kidogo kati ya hezi 1,000 na 3,000, maana hapo ndipo matamshi yalipo. Usiguse juu ya hapo: utaongeza mikwaruzo ya santuri, si maneno.

Sasa kazi yenyewe. Sikiliza wimbo mara moja hadi mwisho bila kalamu. Mara ya pili andika, sekunde kumi kumi, ukisimamisha na kurudia. Usichokisikia kiwekee mstari mtupu. Kubahatisha ndiko kunakoharibu, kwa sababu ukishaandika neno lisilokuwepo, sikio litalisikia kila siku. Mitego mikubwa ni miwili. Waitikiaji huingia kabla mwimbaji hajamaliza mstari, wakafunika neno la mwisho. Halafu kiambishi cha wakati humezwa na muziki: kati ya “analia” na “alilia” tofauti ni ndogo sana kwenye rekodi chakavu, nayo ndiyo inayoamua kama jambo limepita au bado linamuuma mtu. Hapo punguza kasi hadi 0.75, yaani robo tatu ya kawaida, na usikilize mara tatu kabla ya kuamua. Jina la mtaa au msemo wa miaka ya sabini ukikushinda, muulize mzee aliyekuwa akienda dansini wakati ule. Kamusi haitakusaidia sana.

Ukimaliza, zima muziki na uyasome maneno kwa sauti kama unavyosoma barua. Jiulize nani anasema, na anamwambia nani: mama, mpenzi, rafiki, au walimwengu wote? “Mimi” wa kwenye wimbo si lazima awe Mbaraka. Alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa bado kijana, na wasikilizaji wengi tangu hapo wamekuwa wakisikia utabiri wa kifo katika kila ubeti. Sisi tunashauri uliweke kando jambo hilo. Ukilibeba, nyimbo zote zitakuwa wimbo mmoja, na utakosa kejeli na hasira ambazo naye alikuwa nazo kwa wingi.

Kisha rudisha muziki, na safari hii sikiliza nafasi kati ya mstari na mstari. Gita la solo hujibu. Pengine linarudia mkondo wa sauti, pengine linapanda pale mwimbaji aliposhuka. Ukiyajua maneno, utaanza kusikia jibu hilo linakubali au linabisha.

Usiukate wimbo gita zinapochangamka mwishoni. Wageni wa zilipendwa huona ajabu kilio kuishia kwenye kucheza, lakini bendi ilikuwa inapigia ukumbi, na watu walilipa kiingilio ili wacheze.

Nyimbo mbili au tatu kwa kikao zinatosha. Ya kumi hutaisikia. Kwa aliye na msiba mbichi, ahirisha kabisa. Kila karatasi iandike juu yake nakala uliyotumia, na kila mstari mtupu uandikie dakika na sekunde yake, ili ukipata nakala safi zaidi uende moja kwa moja pale palipokushinda.