Kikombe Chako Kina Gramu Ngapi?

Mie napika mikate ya kumimina ya kuuza hapa Ngamiani, Tanga. Wasichana wanaokuja kujifunza huniuliza swali lilelile: "Bibi, kwenye simu wameandika unga gramu 300, na mie nina kikombe tu. Nipimeje?"

Kwanza kijue kikombe chako. Mapishi ya Marekani yakitaja kikombe ni mililita 240 hivi. Ya kwingine huhesabu 250. Kikombe chako cha chai hakina habari na hayo, chaweza kubeba hata 300. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, mpya, umimine. Ikijaza vikombe viwili barabara, una cha 250. Ikijaza kimoja na theluthi mbili, una cha 300.

Sasa uzito. Maji hayana shida, mililita moja ni gramu moja, na tui la nazi halitofautiani nayo sana. Vingine kila kimoja na lake: kikombe cha 250 kikijaa mafuta ya kupikia ni gramu 230, sukari 210 hivi, mchele 200 na ushei, unga wa ngano 130 tu. Basi zile gramu 300 za unga ni vikombe viwili na robo, uongeze kijiko kikubwa kimoja.

Unga ndio mtundu kuliko wote. Ukizamisha kikombe kwenye ndoo na kuubana kwa kiganja, kikombe kilekile kitakupa 150 au zaidi, halafu utashangaa keki imekuwa tofali. Uvuruge kwanza ulegee, uteke kwa kijiko, ujaze kikombe bila kukitikisa, kisha upitishe mgongo wa kisu juu yake.

Na kama huziamini namba zangu, vizuri, usiziamini. Pakiti ya dukani imeshapimwa. Fungua unga wa kilo moja, uhesabu umetoa vikombe vingapi, ugawe 1000 kwa hesabu hiyo. Vikitoka vinane, kikombe chako ni gramu 125. Fanya hivyo kwa sukari na mchele pia, uandike kwa kalamu ya wino mlangoni mwa kabati. Kazi ya mara moja hiyo, mpaka kikombe kivunjike.

Mchele wa mkate wa kumimina upime ukiwa mkavu. Ukisharoweka, umekunywa maji, na hesabu yote imeharibika.

Vijiko: kijiko cha chai cha mililita 5, kilichosawazishwa, kina chumvi gramu 6, hamira ya chenga gramu 3. Pakiti ndogo ya hamira ya gramu 11 ni vijiko vitatu na nusu. Iliki mie sipimi, nafuata pua.

Mayai nayo yana mambo. Yai la kisasa bila ganda ni kama gramu 50; la kienyeji ni dogo, kwa hiyo mapishi yakitaka mawili, mie navunja matatu ya kienyeji.

Siku ukinunua mizani ya jikoni, weka bakuli juu, bonyeza irudi sifuri, ndipo umimine. Ila ijaribu kwanza kwa pakiti ya sukari ya kilo isiyofunguliwa. Ikisoma 950, jaribu pakiti ya duka jingine kabla hujamrudia muuza mizani; huenda mwenye kesi ni wa sukari.