Somo: Kuhamia Kanada na Mtoto Wakati Mzazi Mwenzako Amekataa Kutia Sahihi

Wengi wanaofundisha jambo hili ni wazazi walioondoka. Mimi ni yule aliyebaki. Mama wa binti yangu, ambaye ni muuguzi na ambaye tuliachana mtoto akiwa na miaka minne, alipata kazi katika mkoa wa Ontario, nami nilikataa kutia sahihi kwa miezi saba kabla sijakubali. Hatua ninazoeleza hapa ni za mzazi aliye Kenya, na mifano yangu ni ya Mombasa kwa kuwa ndiko yalikonikuta. Nikionekana kumtetea anayebaki, msomaji aniwie radhi. Nimeona kwamba huko ndiko shauri hukwama.

Hatua ya kwanza: jua sahihi hiyo inahitajika wapi

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kinasema wajibu wa baba na mama ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imejengwa juu ya msingi huo. Kwa hiyo mama anayeishi na mtoto siku zote, anayemlipia karo na kumpeleka hospitali, hawezi kwa sababu hiyo pekee kumhamishia nchi nyingine kana kwamba baba hayupo, na baba aliye katika hali hiyo naye hawezi.

Sahihi ya mwenzako utaihitaji kwanza unapomwombea mtoto pasipoti, kwa kuwa Idara ya Uhamiaji hutaka idhini ya wazazi kwa aliye chini ya miaka 18. Utaihitaji tena kwenye maombi ya ukazi wa kudumu wa Kanada, ambako kuna fomu ya mzazi asiyesafiri, namba IMM 5604, inayotiwa sahihi mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha. Na hata viza ikishatoka, afisa wa uwanja wa ndege anaweza kuuliza barua ya idhini akimwona mtoto na mzazi mmoja.

Hatua ya pili: andika mpango wa mawasiliano kabla ya kuomba lolote

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu wazazi wengi huipita hatua hii mbio. Huja na barua ya kazi, picha za nyumba na jina la shule, kisha hushangaa mwenzao akinuna. Barua ya kazi inamweleza anayebaki kile ambacho wewe utapata. Yeye anataka kujua atabaki na nini.

Karatasi ya kwanza niliyoletewa ilikuwa na sentensi moja tu juu yangu: baba atazungumza na mtoto kila siku saa mbili usiku kwa saa za Kenya. Niliketi nayo barazani kwa mama yangu, nikahesabu kwa vidole. Saa mbili usiku ya Mombasa ni saa saba mchana Toronto wakati wa kiangazi, na ni saa sita mchana wakati wa baridi. Siku tano kati ya saba mtoto angekuwa darasani. Mwenzangu hakuwa na nia ya kunidanganya, ila hakuhesabu. Lakini kwangu mimi siku ile yote mawili yalikuwa na ladha moja, na nilirudisha karatasi bila neno.

Ile niliyokuja kuitia sahihi ilikuwa na kurasa tatu. Ilisema Jumamosi na Jumapili saa tatu asubuhi ya Toronto, ambayo kwangu ni saa kumi jioni wakati wa kiangazi na saa kumi na moja wakati wa baridi, na ikataja kwamba saa za kule husogezwa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ilisema Jumatano asubuhi, kabla ya basi la shule, dakika kumi na tano. Ilisema ripoti ya shule itatumwa kwangu moja kwa moja kutoka shuleni, na kwamba akilazwa hospitali nitaambiwa siku hiyohiyo. Juu ya likizo, ilizingatia kwamba shule za Ontario hufunga mwishoni mwa Juni na kufunguliwa mapema Septemba, ilhali huku watoto wengi bado wako shuleni mwezi wa Julai. Kwa hiyo binti yangu angekuja katikati ya Julai na kuondoka mwisho wa Agosti, ili likizo yake iangukie ile ya binamu zake. Nauli ya kuja ni ya mama, ya kurudi ni yangu. Nilipofika hapo kwenye binamu nilijua kwamba aliyeandika alikuwa amemfikiria mtoto akiwa huku Mombasa, na kuanzia siku hiyo nilikuwa nabishana juu ya tarehe, sikuwa tena nabishana juu ya safari.

Hatua ya tatu: tafuteni makubaliano, kisha yapewe nguvu ya mahakama

Wazee wa pande zote mbili wanaweza kusaidia, na afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu anaweza kuwakalisha pamoja bila wakili. Mkikubaliana, andikeni, tieni sahihi mbele ya mashahidi, kisha mpeleke makubaliano hayo katika Mahakama ya Watoto yaingizwe kuwa amri. Makubaliano ya mdomo mbele ya wajomba hayatambuliwi na ofisi yoyote ya viza, na mwenzako akibadili nia wiki ya safari hutakuwa na cha kushika.

Hatua ya nne: mkishindwana, omba ruhusa mahakamani

Kwa Mombasa, mashauri haya hupelekwa Tononoka. Unaomba mambo mawili, na ni vyema yatajwe waziwazi: ruhusa ya kuhama na mtoto, na amri kwamba idhini ya mzazi mwenzako haitahitajika kwa pasipoti na viza. Ukipata la kwanza bila la pili, unaweza kujikuta na hukumu nzuri na fomu isiyokamilika.

Kipimo cha mahakama ni maslahi ya mtoto, na hakimu atayatazama kutoka pande nyingi: nani amemlea kila siku, uhusiano wake na kila mzazi, shule, afya, dini, ndugu zake, na maoni yake mwenyewe kwa kadiri ya umri na ufahamu wake. Jiandae kwa maswali ya kawaida kabisa. Muuguzi anayefanya zamu ya usiku ataulizwa mtoto atalala na nani. Usiseme “tutapata mtu”. Taja jina, uhusiano na anwani.

Kuna jambo la kisheria ambalo halina budi kuelezwa. Kanada ni mwanachama wa Mkataba wa Hague wa 1980 juu ya watoto waliochukuliwa kutoka nchi moja hadi nyingine, lakini Kenya si mwanachama. Maana yake ni kwamba mzazi aliyebaki Mombasa hana njia ya haraka ya mkataba huo ikiwa mtoto hatarudishwa kama ilivyoahidiwa, na wakili wake atalisema hilo kwa sauti. Mjibu kabla hajasema: ahidi kuomba amri ya aina hiyohiyo katika mahakama ya mkoa unaohamia, na ukiweza jitolee kuweka dhamana.

Hatua ya tano: usinunue tiketi siku ya hukumu

Aliyeshindwa anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu na kuomba amri isitekelezwe kwanza. Chukua nakala zilizothibitishwa, zaidi ya moja, na umuulize wakili wako muda wa rufaa umekwisha au la.

Maswali ya wasomaji

Swali: Assalaam aleikum kaka. Talaka yangu ilitolewa kwa Kadhi na nilipewa hadhana, yaani haki ya kukaa na mtoto na kumlea. Je, karatasi hiyo haitoshi?

Jibu: Waaleikum salaam dada. Ihifadhi, kwa kuwa inaonyesha mtoto amekuwa kwa nani, lakini usiitegemee peke yake. Kifungu cha 170 cha Katiba kinaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali kwenda huko. Malezi ya watoto hayakutajwa. Isitoshe, hadhana inasema mtoto akae nawe, na afisa wa viza anauliza kama unaweza kumhamisha. Nenda Mahakama ya Watoto.

Swali: Mwenzangu anasema nimpe pesa ndipo atie sahihi. Nimpe?

Jibu: Usimpe. Sahihi iliyonunuliwa hurudi kudai nyongeza, na siku ya mahakama itaonekana kama ninyi wawili mlimfanya mtoto bidhaa. Zihifadhi jumbe hizo kama zilivyo, bila kufuta zako wewe ulizojibu kwa hasira. Lakini ikiwa anadai gharama halisi, kwa mfano nauli ya kwenda kumwona mtoto, hilo ni sehemu halali ya mpango na ni afadhali liandikwe.

Swali: Je, nikimtaja mtoto mmoja tu kwenye maombi ya Kanada, yule ambaye baba yake hana shida, halafu huyu wa pili nimwombee baadaye?

Jibu: Hapo utajifungia mlango mwenyewe. Kanada hutaka watoto wote wanaokutegemea, walio chini ya miaka 22 na hawajaoa wala kuolewa, watajwe na wapimwe afya hata kama hawasafiri. Ambaye hakutajwa na hakupimwa, kwa kawaida huwezi kumdhamini baadaye kama mwanafamilia. Na ukighushi sahihi ya baba, udanganyifu kwenye maombi unaweza kukuzuia kuingia nchi hiyo kwa miaka mitano.

Swali: Shikamoo mzee. Mimi naelekea Uingereza kwa kazi ya kutunza wazee. Hatua ni hizihizi?

Jibu: Marahaba. Kwa upande wa Kenya, ndiyo. Kwa upande wao, tangu tarehe 11 Machi 2024 watunzaji wapya walioomba viza hiyo hawakuruhusiwa kuja na watoto wala mwenzi, na tangu tarehe 22 Julai 2025 viza hiyo haitolewi tena kwa watunzaji wapya wanaoomba wakiwa nje ya Uingereza, kwa hiyo huenda unagombana na baba wa watoto juu ya safari ambayo viza yenyewe haiiruhusu. Hakikisha hilo kwanza. Na katika viza zinazoruhusu watoto, mzazi anayehama peke yake kwa kawaida huulizwa kama ndiye mwenye jukumu la pekee la malezi. Baba anayepiga simu kila wiki na kulipa karo hulifanya dai hilo kuwa gumu.

Swali: Mwanangu ana miaka kumi na mitatu na anataka kwenda. Nimfundishe la kumwambia hakimu?

Jibu: La. Mahakimu wamesikia watoto wengi waliokaririshwa, na mtoto wa umri huo husema maneno ya mamake bila kujua. Mwambie aseme lolote alilo nalo moyoni, hata kwamba atamkosa babake.

Swali: Na wewe kaka, ule mpango ulifuatwa?

Jibu: Kwa sehemu kubwa. Binti yangu ameshakuja likizo mara mbili, na mara ya pili alichelewa siku nne kwa sababu ya tiketi, tukaelewana. Jumatano za asubuhi zilikufa baada ya miezi michache, kwa kuwa hakuna mtoto anayetaka kuzungumza huku akitafuta soksi. Kosa langu mwenyewe lilikuwa Machi. Saa zao zilisogezwa, nikasahau, nikapiga saa kumi na moja jioni kama nilivyozoea majira ya baridi, nikaambiwa mtoto alingoja saa nzima na sasa ametoka kwenda kuogelea. Tangu hapo tarehe zile mbili nimeziandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni.