Dakika za kati ya seti: namna ya kupumzika unaponyanyua vyuma

Ukisharudisha chuma kwenye stendi baada ya seti nzito (mfululizo wa marudio bila kupumzika) ya skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, usikimbilie benchi wala simu. Panua miguu kidogo, inama, shika magoti kwa viganja, uache mgongo ulegee. Vuta pumzi kwa pua, kisha itoe kwa mdomo taratibu, na kutoa kuchukue muda mrefu kuliko kuvuta. Ukifanya hivyo mara tano au sita, utasikia mapigo ya moyo yakianza kutulia. Makocha wengi hukataza kuinama hivi, eti ni kuonyesha udhaifu. Mimi ninaowafundisha nawaambia wainame. Mkao huo huupa nafasi msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na huwasaidia kuliko kuweka mikono kichwani. Lakini kizunguzungu kikija, kaa chini mpaka kipite. Maumivu ya kifua yakija, mazoezi yameisha siku hiyo; nenda kwa daktari.

Pumzi ikitulia, tembea polepole hapo hapo ulipo. Funda mbili tatu za maji zinatosha.

Sasa muda. Seti fupi na nzito huendeshwa zaidi na akiba ya fosfokreatini, kemikali inayotoa nguvu ya haraka, iliyo ndani ya misuli. Karibu nusu ya akiba hiyo hurudi ndani ya nusu dakika au zaidi kidogo, lakini sehemu iliyobaki huja kwa kujivuta, na huhitaji dakika tatu hadi tano kukaribia kujaa. Ndiyo maana mtu anayerudi kwenye chuma baada ya dakika moja hujiona yuko sawa, halafu rudio la nne linamgomea. Kwa skwati au kuinua chuma kutoka sakafuni, marudio 1 hadi 5, pumzika dakika 3 hadi 5. Kwa marudio 6 hadi 12 ya mazoezi makubwa, dakika 2 hadi 3. Mazoezi madogo, kama kukunja mkono kwa dambeli, dakika moja au moja na nusu.

Najua wengi mmefundishwa kwamba kutaka misuli inenepe ni kupumzika sekunde 60 tu, jasho lisikauke. Mwaka 2016 mtafiti wa mazoezi Brad Schoenfeld na wenzake walilinganisha dakika 1 na dakika 3 kwa wanaume waliokwisha zoea vyuma, kwa wiki 8. Waliopumzika dakika 3 waliongeza nguvu zaidi, na misuli pia. Kuhema siyo kipimo cha kazi iliyofanyika.

Kipimo ninachokiamini mimi ni daftari. Andika marudio ya kila seti kabla hujasahau. Kwa uzito uleule, ukiona 10, 9, 8, pumziko lako linafaa. Ukiona 10, 7, 5, ongeza dakika nzima kabla hujafikiria kupunguza uzito. Anza kuhesabu muda pale chuma kinapogusa stendi, na tumia saa, maana ukikisia, siku ya uchovu utajidanganya.

Kama huna muda, oanisha misuli inayopingana: piga seti ya kusukuma kwa kifua, pumzika dakika moja au zaidi kidogo, piga seti ya kuvuta kwa mgongo, kisha urudi kwenye kifua. Kifua kinapumzika huku mgongo ukifanya kazi. Usioanishe skwati na kuinua chuma kutoka sakafuni; yote mawili yanakula kiuno na pumzi ileile.

Kunyoosha msuli na kuushikilia hivyo kwa dakika nzima, acha mpaka mwisho wa mazoezi, kwa sababu hupunguza nguvu ya seti inayofuata. Kutikisa mikono na miguu hakuna tatizo.

Zikibaki sekunde 20, acha kutembea. Kagua vyuma na vibano vyake, panga miguu, vuta pumzi moja kubwa hadi tumboni, kaza kiuno. Kama bado huwezi kusema sentensi nzima bila kukatika, ongeza nusu dakika ndipo uingie chini ya chuma.