Santuri au faili la biti 24? Zishindanishe bila kujidanganya

Kila mgeni akikaa sebuleni kwangu hapa Area C, Dodoma, hukumu inatoka kabla wimbo haujafika kiitikio: "Santuri ina utamu wake, bwana." Huenda inalishinda hata faili la kidijitali la biti 24 (lililohifadhi sauti kwa undani kuliko biti 16 za CD). Ila mara nyingi alichosikia ni sauti iliyofunguliwa kwa nguvu kidogo zaidi.

1. Vumbi kwanza. Kiangazi cha Dodoma hewa ni kavu, sahani inajaa umeme tuli na kuvuta kila kinachopeperuka. Pitisha brashi ya nyuzi za kaboni ikiwa inazunguka. Kitambaa kikavu kinaongeza tatizo. Spika zisikae meza moja na mashine, besi itarudi kwenye sindano iwe mngurumo.

2. Chukua wimbo wa kwanza wa upande. Sahani inazunguka mara 33⅓ kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini mzunguko wa karibu na kati ni mfupi, hivyo sauti nyembamba zinabanwa na kukwaruza. Ukipimia huko umeionea santuri.

3. Linganisha sauti. Weka simu yenye programu ya desibeli pale unapokaa, cheza kipande kilekile, rekebisha mpaka kipimo kisionyeshe tofauti yoyote. Wengi hupuuza hatua hii. Tofauti ndogo, hata ya chini ya desibeli 1, sikio haliiiti "kubwa", linaiita "tamu".

4. Rekodi santuri yenyewe. Faili la dukani, hata likiwa la biti 24 na kHz 96 (sampuli 96,000 kwa sekunde), huenda limetoka kwenye masta nyingine, yaani rekodi mama nyingine ya studio. Albamu nyingi za zamani zilipotolewa upya zilikandamizwa, minong'ono ikapandishwa karibu na vishindo. Hapo unashindanisha mafundi wawili wa studio. Kwa hiyo ingiza santuri kwenye kompyuta kwa biti 24 na kHz 96, hifadhi kama FLAC (faili lisilopunguza ubora wa sauti), mipasuko na yote. Linganisha sauti ya santuri na ya rekodi yake kama hatua ya 3, zianzishe pamoja, geuka ukutani, mtu abadilishe swichi ya amplifaya mara 10, kila mara useme unasikia ipi huku akiandika. Ukipatia 5 au 6, umebahatisha.

Mimi nilipatia 5. Binti yangu, aliyeshika swichi, anacheka mpaka leo.

5. Sasa leta faili ulilonunua, sauti zikiwa zimelinganishwa tena. Kama rekodi yako ya santuri hukuitambua na hili unalitambua papo hapo, unachosikia ni masta. Tafuta toleo lingine la albamu hiyo kabla hujanunua sindano mpya.