Pua ya mtoto mchanga ikiziba: ifungue kabla hajanyonya

Binti yetu wa tatu alipata mafua akiwa na wiki saba. Usiku wa kwanza sikutambua kwamba shida ni pua. Nilichoona ni mtoto anayeshika titi, anavuta mara tatu nne, analiachia, analia, anashika tena. Mama yake alihofia maziwa yamepungua. Maziwa yalikuwa tele. Mtoto alikosa njia ya hewa. Katika miezi ya mwanzo mtoto hupumua zaidi kwa pua, na mdomo ukishajaa titi au chuchu ya chupa, pua ndiyo tegemeo lake. Ikiziba, hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja, basi anaacha kunyonya.

Usiku ule nilikosea, na ningependa usirudie kosa langu. Nilichukua kile kipira cha kuvutia kamasi, nikawa namvuta pua ikiwa kavu kila nilipomsikia akikoroma. Sidhani kama ilipungua mara kumi. Kulipokucha kamasi lilikuwa na michirizi ya damu, na pua imeziba kuliko jana yake. Muuguzi aliyetupokea alinieleza kwamba pua ya mtoto mwenye mafua haizibwi na kamasi peke yake. Utando laini wa ndani nao huwa umevimba, na ukiusumbua kwa kuvutavuta unazidi kuvimba.

Kuanzia siku hiyo nikashika utaratibu mmoja, na ndio ninaoutumia mpaka leo.

Kwanza ni matone ya maji ya chumvi, yale ya seline ya asilimia 0.9 yanayouzwa famasi. Soma kibandiko cha chupa uhakikishe hayana dawa nyingine iliyochanganywa. Ukilazimika kutengeneza mwenyewe, chemsha maji, yapoe, kisha koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwenye maji mililita 240. Tumia kijiko na chombo safi kabisa, na yanayobaki yamwage siku hiyohiyo. Mimi binafsi napendelea ya famasi, kwa sababu saa tisa usiku mkono unaopima chumvi una usingizi.

Nanawa mikono, naifumbata chupa kiganjani dakika mbili ipate joto, maana tone la baridi humshtua mtoto. Namlaza chali mapajani, kichwa kikiwa upande wa magoti yangu na kimeinama nyuma kidogo. Matone mawili au matatu kila tundu, ncha ya chupa isiguse pua. Halafu nasubiri dakika moja nzima. Dakika hiyo ndiyo tunayoiruka wengi wetu, na kazi yote hufanyika humo: kamasi zito linalainika na kuanza kutembea. Mtoto atapiga chafya au atameza. Akimeza hakuna madhara. Mara nyingi chafya yenyewe inatosha, nafuta kwa kitambaa laini na habari imeishia hapo.

Kama bado anapumua kwa taabu ndipo nachukua kipira. Kibonyeze kwanza kikiwa nje, kiendelee kubanwa, weka ncha mlangoni tu mwa tundu, kisha kiachie polepole. Ukikibonyeza kikiwa puani, hewa inasukuma kamasi ndani zaidi. Kimwage kwenye kitambaa, uhamie tundu la pili. Mara tatu au nne kwa siku, si zaidi ya hapo.

Kuhusu muda: dakika kumi hadi kumi na tano kabla ya kunyonya, na kabla ya usingizi wa usiku. Ukifanya mara tu baada ya kunyonya, anaweza kutapika. Na mtoto anayekoroma lakini ananyonya vizuri na kulala kwa utulivu, mwache alale. Sauti peke yake haimdhuru. Kipira nacho kioshe kila baada ya matumizi kwa maji ya moto na sabuni, ukiyavuta ndani na kuyatoa, ukisuuze, kisha kikauke ncha ikitazama chini. Vijiti vya pamba usiviingize puani kabisa.

Hewa yenye unyevu husaidia. Tulikuwa tunafungulia maji ya moto bafuni, tunafunga mlango, na mimi nakaa naye kifuani dakika kumi hivi, mbali na maji yenyewe. Beseni la maji yanayofuka mvuke usimsogezee mtoto kamwe, kuungua ni jambo la sekunde moja. Wenye mashine ya unyevu watumie ya mvuke baridi, na maji yabadilishwe kila siku.

Kulala ni chali, pahali tambarare, bila mto wala nguo iliyokunjwa chini ya godoro. Najua mkono unatamani kumwinua kichwa; anaweza kuteleza, shingo ikajikunja, na hewa ikapungua zaidi. Akiwa macho ndipo umbebe wima. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi zaidi ya kawaida. Aliye chini ya miezi sita hahitaji maji, maziwa yanamtosha.

Watakaokushauri dawa watakuwa wengi. Usimpe dawa za maji za mafua wala matone ya watu wazima ya kuzibua pua. Dawa za kupaka zenye mentholi au kafuri hazifai chini ya miaka miwili, na asali haifai kabla ya mwaka mmoja. Antibayotiki haitibu mafua, maana yanaletwa na virusi. Kamasi kugeuka la njano au kijani ni hatua ya kawaida ya ugonjwa. Kwa kawaida siku ya pili na ya tatu ndizo nzito, na mabaki yanaweza kufika wiki mbili.

Sasa yale yasiyosubiri asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika joto la nyuzi 38, mpeleke hospitali hata kama anaonekana mchangamfu. Umri wowote, mpeleke akikataa kunyonya, akilegea au kuwa mgumu kuamka, midomo ikigeuka ya bluu, akiguna kila anapotoa pumzi, matundu ya pua yakitanuka, au ngozi ya chini ya mbavu ikizama kila anapovuta hewa. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja, ni kasi isiyo ya kawaida. Tazama pia nepi. Ikikaa kavu saa sita hadi nane, maji yanampungukia. Kabla ya kutoka nyumbani andika hesabu ya pumzi, joto, na saa ya nepi ya mwisho iliyolowa, kwa sababu hayo ndiyo utakayoulizwa kwanza.